Nani Anashika Ufunguo wa Shina: OpenMRS, FreeBSD na Apache kwa Macho ya Mchangiaji wa Nairobi

Kwa miaka minne sasa jioni zangu nyingi za Jumanne na Alhamisi zimepita mezani pangu hapa Kilimani, nikiandika na kutuma viraka, yaani marekebisho madogo, kwa miradi ya programu huria, na swali ambalo wenzangu ofisini huniuliza mara kwa mara ni moja: mtu aanzie mradi gani? Huwa wanatarajia niwatajie lugha ya programu au ukubwa wa jina la mradi. Mimi huwaomba watazame kwanza jinsi mradi unavyogawa haki ya kuandika, yaani ruhusa ya kuingiza mabadiliko moja kwa moja kwenye shina la msimbo (nakala kuu ya maandishi ya programu) bila kumwomba mtu mwingine ayaingize, kwa sababu ni katika jambo hilo mchangiaji hupokelewa vizuri au huondoka kimyakimya asirudi tena. Tathmini hii ni ya jambo hilo peke yake. Nimeipima OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, FreeBSD, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, na miradi iliyo chini ya Apache Software Foundation, shirika linalosimamia programu huria, kama mtu anavyoipima huduma ya benki au hospitali: mgeni anapokelewa na nani, anasubiri nini, anakabidhiwa nini, na siku akiondoka alichokabidhiwa kinakwenda wapi.

Yapo mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Leseni ya programu huria inakupa haki ya kuusoma msimbo, kuunakili, kuubadilisha na kuwagawia wengine nakala yako. Haikupi hata chembe ya haki ya kuandika katika nakala ya mradi wenyewe. SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya karibu kila simu tunayobeba, imetolewa kwa umma bila masharti yoyote, lakini wanaoiandika ni kikundi kidogo sana cha watu, na mradi unasema bayana kwamba kwa kawaida haupokei viraka kutoka nje. Sioni ubaya wowote katika msimamo huo kwa kuwa umetangazwa. Anayefika mlangoni anakuta maandishi, wala hapotezi wikendi yake. Ubaya uko kwenye mradi unaoandika kwamba wote wanakaribishwa, kisha usiseme nani anafungua mlango.

Hilo la mwisho nililishuhudia kwa karibu. Mwenzangu mmoja ofisini, binti aliyemaliza chuo mwaka juzi, aligundua kwamba katika mfumo wa zahanati tuliokuwa tukiutengeneza, mzee aliyeandikishwa kuwa amezaliwa tarehe 1 Januari 1938 alikuwa akionekana kwenye skrini kuwa amezaliwa tarehe 31 Desemba 1937. Alichimba kwa siku mbili hadi akapata chanzo: katika miaka hiyo saa za Nairobi hazikuwa saa tatu kamili mbele ya Greenwich kama zilivyo leo, na maktaba ya tarehe tuliyoitumia, yaani msimbo wa wengine unaoshughulikia tarehe, ilihifadhi usiku wa manane kwa hesabu ya leo na kuuonyesha kwa hesabu ya wakati ule, hivyo dakika chache zilizopungua zikamrudisha mzee wa watu mwaka mzima nyuma. Aliandika kiraka cha mistari sita pamoja na majaribio yake, akakituma kwa mradi wenye maktaba hiyo, nao sitautaja jina. Siku ishirini na tatu zilipita bila neno. Kila asubuhi alikuwa akifungua ukurasa ule kabla ya kunywa chai. Hatimaye ombi lake lilifungwa bila maelezo na mtu ambaye hatukuweza hata kujua kama ana mamlaka ya kulifunga, kwa maana hapakuwa na faili lolote lililoorodhesha watunzaji. "Kaka, nimekosea wapi?" aliniuliza, nami sikuwa na jibu, kwa sababu hakuwa amekosea popote. Kiraka kilikuwa sahihi. Alichokosa ni mtu wa upande wa pili mwenye jina na wajibu, na tangu siku hiyo nimeacha kuuona mpangilio wa wachangiaji kama suala la utawala tu.

Naanza na OpenMRS kwa kuwa ina mizizi ya hapa nchini. Wazo lake lilizaliwa mwaka 2004, wakati Paul Biondich na Burke Mamlin wa Regenstrief Institute ya Indianapolis, Marekani, walipofika Eldoret kuutazama mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa UKIMWI uliokuwa ukitumiwa na AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka 2006 mfumo mpya ulianza kutumika Eldoret, na leo KenyaEMR, inayoendeshwa katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake. Kwa hiyo mchangiaji wa Nairobi anayerekebisha kosa katika OpenMRS anaweza siku moja kuketi mbele ya muuguzi anayetumia kazi ya mikono yake. Hilo ni jambo ambalo miradi mingi mikubwa haiwezi kumpa.

Uzuri mkubwa wa OpenMRS uko kwenye hatua ya kwanza. Mradi umejiwekea ngazi za waandishi wa programu zenye majina yaliyoazimwa kutoka mfumo wa Unix, kuanzia /dev/null kwa anayeingia leo hadi /dev/5 kwa aliyebobea na kubeba uongozi, na kwa kila ngazi imeandikwa anachotazamiwa mtu kujua na kufanya kabla ya kupanda. Zipo tiketi, yaani kazi zilizoorodheshwa, zilizotengwa mahususi kwa wanaoanza, ambazo mafundi wakongwe wanatarajiwa kuwaachia wageni hata kama wangeweza kuzimaliza kwa nusu saa. Huo ni ukarimu wa kweli, kwa sababu kumwachia mgeni kazi rahisi kunamgharimu mwenyeji muda mwingi kuliko kuifanya mwenyewe. Muundo wa programu nao unasaidia: kuna kiini, kisha kuna moduli zinazopachikwa juu yake, kila moja na hifadhi yake ya msimbo, hivyo mtu anaweza kuaminiwa katika moduli ndogo bila kugusa kiini kinachobeba rekodi za wagonjwa. Binti yule nilimpeleka huko. Alichukua tiketi ya kuanzia, akaulizwa maswali mawili ya maana kuhusu majaribio yake, akarekebisha, na kazi ikaingia. Ninalolitilia shaka ni wingi wa vyeo. Ngazi sita humfanya kijana ahesabu vidato badala ya kuitazama kazi, na cheo hakimwambii mgeni moja kwa moja nani anaweza kuunganisha mabadiliko katika moduli fulani. Hilo bado inabidi aulize.

FreeBSD ni nyumba ya aina nyingine, na nikiri mapema kwamba ndiyo iliyoniteka moyo. Ni mfumo wa uendeshaji ulioanza mwaka 1993, na haki ya kuandika humo imepangwa kwa maeneo matatu: msimbo wa mfumo wenyewe, mkusanyiko wa programu za nje zinazotayarishwa kwa ajili ya mfumo huo, na nyaraka. Mtu hupewa haki katika eneo alilolifanyia kazi, na hawezi kujiombea. Sharti mwenye haki tayari ampendekeze, kisha chombo husika kipige kura. Baada ya hapo ndipo linapokuja jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni mlezi. Mwandishi mpya hukabidhiwa mlezi mmoja au wawili, na kwa kipindi cha mwanzo hawezi kuandika chochote kwenye shina kabla mlezi hajakisoma na kukiidhinisha, na idhini hiyo huandikwa pamoja na mabadiliko yenyewe ili kila atakayesoma historia ya msimbo aione. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. FreeBSD inampa jembe kisha inamweka mzee kwenye mtaro uleule, mpaka mzee aridhike na aseme hadharani kwamba sasa huyu analima mwenyewe.

Tazama maana yake kwa mtu aliye mbali. Mimi sijawahi kukutana ana kwa ana na yeyote kati ya watu wanaopitia viraka vyangu. Hapa mjini fundi mchanga hukaa karibu na fundi mkuu, akaona anavyoshika kazi, akakosea na kusahihishwa papo hapo. Mchangiaji wa mtandaoni hukosa kabisa ukaribu huo, na mlezi aliyetajwa kwa jina ndiye anayeurudisha. Kosa la mwanafunzi huwa pia ni jukumu la mlezi, hivyo mlezi husoma kwa makini, na mwanafunzi naye hujifunza kwa nini mabadiliko fulani yagawanywe mara tatu, kwa nini maelezo yake yaeleze sababu na siyo tendo tu, na ni nani wa kuulizwa kabla ya kugusa faili fulani. Mambo hayo hayamo katika kitabu chochote cha kufundishia programu nilichowahi kusoma.

Kuna mlango mwingine mdogo FreeBSD ambao nawapendekezea wenye muda haba. Programu ya nje iliyomo kwenye mkusanyiko wao inaweza kutunzwa na mtu asiye na haki ya kuandika. Anaandaa matoleo mapya, anayatuma, na mwenye haki anayaingiza. Jina la mtunzaji linabaki pale juu ya faili, na mtu hujijengea heshima taratibu bila kura wala cheo. Uongozi nao haukukalia kiti kwa mazoea: kikundi cha watu tisa huchaguliwa kila baada ya miaka miwili na wale waliokuwa wakiandika kwa bidii katika mwaka uliopita. Na asiyeandika kwa muda mrefu, mwaka mmoja au zaidi kutegemea eneo lake, haki yake huchukuliwa na kuwekwa kando kwa usalama, bila aibu, na akirudi anaweza kuiomba. Nitalirudia jambo hili hapo chini kwa sababu limenigusa mwenyewe.

Upungufu wa FreeBSD ni kwamba njia ya kuingia haionekani. Hakuna anayemwambia mgeni kwamba akifanya kazi kiasi fulani atapendekezwa. Anaweza kutuma viraka mwaka mzima asijue kama kuna anayemtazama. Kwa mtu mvumilivu hilo si kitu. Kwa kijana anayenunua bando kwa pesa zake mwenyewe na kufanya kazi usiku, kimya cha namna hiyo ni kizito.

Apache ina miradi mingi, na hali hutofautiana baina ya mradi na mradi, lakini kanuni za msingi ni moja. Kikundi cha mwanzo kilijikusanya mwaka 1995 kuendeleza seva ya wavuti, na shirika lenyewe likaundwa mwaka 1999. Mtumiaji huwa mchangiaji, mchangiaji hupigiwa kura na kamati ya mradi ili awe mwandishi, yaani mwenye haki ya kuandika, na mwandishi anaweza kuingizwa kwenye kamati hiyo. Kabla ya kukabidhiwa akaunti husaini mkataba wa mchangiaji, unaoeleza kwamba kazi anayoileta ni yake kuitoa. Wenzangu walioajiriwa nawasihi wausome mkataba huo pamoja na mkataba wao wa kazi, kwa kuwa waajiri wengi wa hapa Nairobi wameandika kwamba kila kinachoandikwa na mwajiriwa ni mali ya kampuni, hata kilichoandikwa Jumapili.

Upigaji kura wa Apache unafaa kutazamwa na mtu yeyote aliyewahi kuwa katika chama cha akiba. Chama chetu kijijini huwa na sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, ili fedha zisitoke kwa uamuzi wa mmoja. Apache haitoi toleo jipya la programu mpaka wapatikane angalau wanakamati watatu waliopiga kura ya kukubali, na waliokubali wawe wengi kuliko waliokataa. Na kwa kawaida kura huachwa wazi kwa saa 72 ili mtu wa Nairobi, wa Berlin na wa San Francisco wote waamke, wasome na waamue. Kwa mabadiliko ya msimbo, mwenye kura anaweza kuyazuia peke yake, ila sharti atoe sababu ya kiufundi. Kukataa bila sababu hakuhesabiwi. Nimesoma mijadala kadhaa ambamo mtu aliyezuia alilazimika kueleza hoja yake mara tatu mpaka ikaeleweka, na mabadiliko yakatoka bora kuliko yalivyoingia. Jambo jingine la busara ni kwamba mijadala juu ya watu, nani apewe haki na nani bado, hufanyika faraghani, hali ya msimbo ikijadiliwa hadharani. Mtu ambaye wakati wake haujafika husitiriwa.

Nisichokiafiki Apache ni ile imani kwamba stahili aliyoipata mtu haiishi. Heshima haiishi, sawa. Ufunguo ni kitu kingine.

Sababu ya kusema hivyo ni hii. Katika kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi, tulishughulikia mfumo wa malipo wa hospitali, na msimbo ulikuwa kwenye hifadhi iliyotumiwa na ofisi nzima. Aliyekuwa mwenzetu alikuwa ameacha kazi miezi minane kabla. Kompyuta yake ya mkononi iliibiwa akiwa kwenye stendi ya matatu, naye kwa uungwana wake akapiga simu kutuonya kwamba ufunguo wa kuingilia hifadhi yetu bado umo ndani. Tulifungua orodha ya wenye haki ya kuandika. Ilikuwa na majina kumi na tisa, na saba tu ndio waliokuwa bado wafanyakazi. Jina mojawapo hakuna aliyelitambua. Hatukuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuitazama orodha ile, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokuwa na uwezo wa kuitazama kila siku. Tulikesha kuamkia Jumamosi tukifuta majina na kupitia kila badiliko lililoingia, na ingawa hatukukuta dhara lolote, kwa wiki nzima nilikuwa nikiamka usiku nikifikiria wagonjwa ambao majina yao yalikuwa kwenye mfumo ule.

Ulimwengu ulipata onyo kubwa zaidi Machi 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kutuma viraka vizuri kwa XZ Utils, programu ndogo ya kubana faili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux, huku akaunti nyingine zisizojulikana zikimshinikiza mtunzaji aliyechoka kwamba aongeze msaidizi. Alipata haki ya kuandika na ya kutoa matoleo, kisha katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 akaficha mlango wa siri. Andres Freund, mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliugundua kwa sababu kuingia kwenye seva kulikuwa kumechelewa kwa takriban nusu sekunde naye hakukubali kulipuuza. Wapo waliotoa funzo kwamba wageni wasiaminiwe. Nadhani wamekosea. Mtunzaji yule alikuwa peke yake, na mtu aliye peke yake hana wa kumwuliza kama huyu mgeni anajulikana. Mlezi wa FreeBSD, kura ya Apache na kufuli tatu za chama vyote vinatibu upweke huo.

Miradi mingine nitaigusa kwa ufupi. Linux haigawi ufunguo kwa wengi: viraka hupanda kutoka kwa mtunzaji wa sehemu hadi kwa wa juu yake, kila mmoja akitia sahihi, mpaka vinapofika kwa Linus Torvalds, na faili la watunzaji linamwambia mgeni wazi amwandikie nani. Ni mpango safi, ila mgumu kwa anayeanza. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, hudai utambulisho uthibitishwe na wanachama waliopo, kwa kawaida kwa kukutana ana kwa ana na kutiana sahihi kwenye funguo za kidijitali. Kwa wengi wetu hilo lilikuwa na maana ya safari, na nafasi iliyokuwa karibu ilikuwa mkutano wao mkuu wa mwaka 2016 uliofanyika Cape Town.

Gharama ya kushiriki si fedha za leseni. Ni bando, ni stima isiyokatika katikati ya kazi, na ni usalama wa simu. GitHub, tovuti inayohifadhi msimbo wa miradi mingi, ilianza mwaka 2023 kuwalazimisha wachangiaji kuthibitisha kuingia kwao kwa njia mbili, jambo jema, lakini mtu ambaye simu yake ndiyo kithibitisho pekee ataachwa nje siku itakaponyakuliwa dirishani mwa matatu. Chapisha kwenye karatasi zile nambari za kurejesha akaunti na uziweke nyumbani pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Kwa anayetaka uamuzi wangu: mwenye kujua lugha ya programu ya Java na anayejali afya aanze OpenMRS mwezi huu huu, kwa kuwa hakuna kati ya hii mitatu inayompokea mgeni vizuri zaidi. Anayetaka kuwa fundi kamili na ana subira ya mwaka mmoja au miwili aende FreeBSD, achukue programu moja isiyo na mtunzaji na aitunze. Apache inamfaa zaidi aliyeajiriwa na ambaye kazi yake tayari inategemea mojawapo ya programu zao, maana atakuwa na sababu ya kurudi kila siku. Mwenzangu yule amebaki OpenMRS kwa sasa, na programu moja ya FreeBSD ameanza kuitunza pembeni. Toleo lake la kwanza alilituma Jumatatu usiku, likaingizwa Jumatano, na aliyeliingiza aliandika jina lake kamili kwenye maelezo, herufi zote zikiwa mahali pake.